Kabla Hujamjibu Profesa

Nangara, Babati
Jumapili, jua likielekea kuzama

Paskalina mwanangu,

Begi lako nimelifunga, maandazi yamo kwenye ile ndoo ndogo, na kuhusu sweta, baridi ya huko, watu usiowajua na vyakula usivyovijua sitaandika neno. Hayo nimekuimbia tangu Ijumaa mpaka ukaanza kunijibu "ndiyo, Mama" kabla sijamaliza kusema. Barua hii ina jambo moja tu. Nimeliandika kwa sababu mdomo umenikatalia kutwa nzima, na kesho alfajiri kwenye stendi patakuwa na kelele na watu wa kwaya waliokuja kukuaga watakuwa wanaimba, sitaweza.

Jana ulipokuwa unamenya viazi ulisema, "Nitakubali tu, Mama. Niingie kwanza." Ukaendelea kumenya. Mimi nikaendelea kuchambua mchele. Lakini tangu saa ile sijatulia. Kanisani leo nimesimama wenzangu wakiwa wamekaa. Nimerudi, nimekuja hapa kwenye mashine yangu ya kusaga ingawa ni Jumapili na mashine imelala, nimefagia mahali palipofagiwa jana, nimepaka grisi mahali penye grisi. Sasa nimekaa juu ya gunia la pumba na karatasi iko kwenye paja. Wewe umekwenda Bagara kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hakuachii bila kula, kwa hiyo nina muda. Ila kila bodaboda ikipita nadhani ni wewe, naficha kalamu kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Kwanza niandike nilivyoielewa kazi yako. Ukiona nimepotosha, ujue barua nzima ni ya mtu asiyejua anachosema, uitupe dirishani mkifika Minjingu.

Unakumbuka likizo ile, umeme ulipokatika foleni ikiwa mpaka nje? Mashine ikawa inazunguka yenyewe, inakwenda kusimama. Ukaniuliza, "Mama, kama ungekuwa unaingia sasa hivi kutoka nje, ungejua umeme umekatika tangu lini?"

Nikakuambia, "Inategemea. Ilikuwa inakimbia kiasi gani ulipokatika? Na ndani kuna mahindi au iko tupu? Yenye mahindi inashikwa, inasimama upesi."

Ukaruka mpaka vumbi la unga likapanda. "Mama! Hiyo ndiyo kazi yangu yote!" Wateja wakatutazama. Yule mzee wa Galapo akauliza kama huyu binti yuko salama kichwani.

Ndipo ukanieleza juu ya pulsa. Kwamba nyota kubwa ikifa inalipuka, na kiini chake kinabaki, kidogo hata upana wake haufiki kutoka hapa mpaka Magugu, lakini uzito wake unalizidi jua. Kwamba kitu hicho kinazunguka na kina sumaku ambayo hapa duniani hakuna cha kuifananisha nayo, na kila kinapotugeukia, zile darubini za redio zinasikia mdundo mmoja. Kwamba sumaku hiyo hiyo ndiyo breki yake, kwa hiyo mzunguko unazidi kuwa wa polepole. Mnapima mzunguko mmoja unachukua muda gani, mnapima unarefuka kwa mwendo gani, mnagawanya, mnachukua nusu, na hiyo mnaiita umri. Nikakuambia mbona rahisi. Ukasema ni rahisi kwa sababu mmeamini mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaona: kwamba pulsa ilizaliwa ikikimbia mno, na kwamba breki yake haijabadilika tangu siku hiyo.

Na hapo ndipo ubishi wako ulipoanzia. Nyota yako imo ndani ya wingu, mabaki ya mlipuko. Wingu ni changa, mnaliona linavyotanuka. Lakini ile kanuni inasema nyota ni kongwe, imelizidi wingu mara nyingi. Mtoto kumzidi mama umri! Wewe ukasema hapana, sumaku yake ilikuwa kali sana zamani, ikaipunguza mwendo haraka, kisha sumaku yenyewe ikapungua. Anayepima leo anaona inapungua mwendo kidogo kidogo, anasema huyu ni mzee wa siku nyingi. Kumbe ni kijana aliyechoshwa mapema. Maneno hayo uliyasema ukiwa umeshika chungio, na mimi yaliniingia, sikukuonyesha tu.

Profesa atakayekusimamia huko Afrika Kusini anaona vingine. Ameandika barua pepe, ukanisomea: kazi yako ni nzuri, lakini nyota hiyo si ya wingu hilo, ni mpita njia aliyetokea tu kuwa upande mmoja nalo. Basi utoe ile sura yote ya mwisho, utumie umri wa kanuni kama wengine, na umjibu kabla hujaripoti. Nawe umeshapima jinsi nyota inavyosogea angani, ukaurudisha mwendo wake nyuma, ukafika katikati ya lile wingu. Ulinionyesha mchoro. Mstari umetoka pale nyota ilipo leo ukaenda moja kwa moja mpaka katikati, kama mtoto anayejua kwao. Kisha jana, na viazi mkononi: "Nitakubali tu, Mama."

Nikuambie ukweli ulio wazi? Nilipokusikia, kwanza nilifurahi. Ndiyo. Nilijisemea, afadhali, mtoto ana akili, hataanza ugomvi na mtu aliyeshika mpini. Nimeshatangaza mtaa mzima kwamba unakwenda. Mama Glori hapo jirani, unamjua, ameshaniomba umwangalizie nyota ya mume wake kama atarudi kutoka machimboni Mererani na kitu, na nimechoka kumweleza kwamba hayo siyo unayoyasoma. Nilitaka uende, uingie, ukae, basi. Furaha hiyo haikukaa hata sufuria haijachemka. Nilisikia ile sauti uliyoisemea, nikaijua. Si yako. Ni ya bibi yako, kisha ni yangu.

Unajua kwamba nilichelewa kuanza shule. Hujui ilikuwaje, sijakusimulia, kwa sababu nikianza napandwa na hasira na chakula kinaungua. Huko juu Mbulu siku zile nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Mwalimu alikuwa anatupanga mstari nje ya darasa. Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Anayeshika ana miaka saba, aingie. Asiyeshika arudi nyumbani akakue. Bura, mtoto wa jirani yetu, alishika sikio akalivuta kabisa, mshenzi yule, ili tumwone. Mimi vidole vyangu viliishia kwenye nywele. Unavyoniona nilivyo mfupi, sikuanza leo, na kichwa kikubwa hiki Mungu alinipa bila kuombwa.

Bibi yako alikuwa amesimama pale pale. Naye alijua! Siku Bura alipozaliwa, bibi yako ndiye aliyempelekea mama yake uji, na mimi nilikuwa mgongoni kwake. Mgongoni, Paskalina. Sasa mtoto aliyekuwa mgongoni atakuwaje mdogo kuliko mtoto aliyekuwa anazaliwa? Alikuwa na ushahidi ambao hakuna mkono unaoweza kuupinga.

Mwalimu akasema, "Mama, huyu bado."

Bibi yako akasema, "Sawa, mwalimu."

Tukarudi nyumbani. Mwaka uliofuata tukaenda tena, nikajinyoosha mpaka bega likalia, mwalimu akasema bado, na bibi yako akasema tena vile vile, kwa sauti ile ile ya chini. Njiani nilimuuliza kwa nini mimi siingii. Akaniambia, "Mwalimu ndiye anayejua." Jibu la kumpa nimelipata nikiwa mtu mzima, yeye akiwa ameshazikwa: anajua nini, na wewe ndiye uliyenizaa?

Nilipoingia hatimaye nilikuwa msichana mkubwa katikati ya watoto. Darasa la nne nilikuwa nakunja mabega mbele kuficha kifua. Na nilipomaliza la saba, unajua waliniambia nini kuhusu sekondari? Kwamba nimekuwa mkubwa mno! Wale wale! Loo, nikikumbuka hapo natamani kumfufua mtu ili nigombane naye. Lakini yule mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na madawati machache, na mkono kichwani ndicho kipimo alichofundishwa. Kwa watoto wengi kilikuwa kinatosha. Kwangu hakikutosha, na aliyekuwa na uwezo wa kumwambia hivyo alikuwa mtu mmoja tu, naye alinyamaza.

Subiri, bodaboda imesimama.

Siyo wewe. Ni watu wa kuuliza kama Jumapili nasaga. Nimewafokea bila sababu, maskini, nimewafuata nje kuwaomba radhi. Ndivyo nilivyo leo.

Haya, sasa mimi. Babati ilikuwa bado mji wa wilaya tu ndani ya mkoa wa Arusha, hakuna maofisa wala majengo haya yanayoota kila wiki. Marehemu baba yako alituachia ng'ombe, nikawauza nikaenda Arusha kununua injini ya dizeli ili niwe na mashine yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshafanya kazi kwenye mashine ya mtu kule Bagara kwa miaka, nimeanza na ufagio mpaka nikaaminiwa kuendesha. Sikio langu lilikuwa limeshaiva. Nilikuwa nikiingia asubuhi najua mkanda umelegea kabla sijauona.

Fundi aliyekuwa anauza akaniambia, "Mama, hii ina miaka miwili tu. Sikiliza inavyokimbia." Na kweli ilikimbia! Nyepesi, haina moshi, imepakwa rangi ya kijani mpaka unajiona. Lakini kile kitaa kidogo kilichofungwa kwenye dainamo kilikuwa chekundu, kinafifia kama jicho la mlevi. Nikajiuliza, injini ya miaka miwili, sumaku ya dainamo imekwishaje? Kisha akaizima. Nikasikiliza inavyokwenda kusimama, na nikajua. Imefunguliwa, imetiwa ringi mpya, imefungwa, imepakwa rangi. Ni mzee aliyevalishwa shati la harusi.

Uliponisimulia kwamba ziko pulsa kongwe kuliko zote ambazo ndizo zinazozunguka haraka kuliko zote, kwa sababu nyota jirani ilizimwagia vitu mpaka zikapata kasi upya, na kwamba mnaujua ukongwe wake kwa sababu sumaku imekwisha, nilisema, "Hiyo ni injini yangu ya Arusha." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Mimi sikucheka sana, hukuona.

Maana nilijua, mwanangu. Nilijua nikiwa nimesimama pale. Nikamtazama yule fundi, ovaroli lake, spana mfukoni, vijana wake wanamwita bosi. Nikajitazama mimi, mjane mwenye kandambili kutoka Babati. Nikafungua mdomo niseme juu ya kile kitaa. Kilichotoka ni, "Sawa, fundi."

Ilikufa mwezi wa saba, katikati ya mavuno, watu wamejaa. Wakabeba madebe yao wakaenda Bagara. Nami nikawafuata Bagara, nikashika tena ufagio kwa bosi wangu wa zamani, naye akanichekea kila asubuhi.

Hapo ndipo nilipokupeleka Mbulu kwa bibi yako. Nimekusikia ukiwaambia watu kwamba ulikaa kule kwa sababu shule ya kule ilikuwa nzuri. Shule gani nzuri, darasa halina madirisha! Ulikaa kule kwa sababu nilikuwa nalala mashineni na sikuwa na kitu cha kukulisha. Na uliporudi, ulikuwa ukitaka kuniita unasimama kidogo, unafikiri, ndipo unasema "Mama". Kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Mimi niliona kila mara. Nilikuwa naingia chooni nalia, natoka nakupikia. Injini niliweza kununua nyingine. Ile nafasi kabla ya neno "Mama" ilichukua muda mrefu kuisha, na sijawahi kukuomba msamaha kwa ajili yake, basi nakuomba sasa.

Sasa usije ukadhani nakutuma ukapige kelele. Kelele nazo nimepiga. Tulipopewa mkoa wetu na umeme ukafika huku Nangara, nikanunua mota, Elibariki fundi umeme akanifungia. Haijatimiza wiki, ikawa nzito, inanguruma, mahindi hayashuki. Nikakumbuka Arusha. Nikaapa kwamba safari hii sinyamazi. Nilimtoa Elibariki nyumbani kwake akiwa na kijiko mkononi, nikamleta mbele ya foleni, nikamwita mwizi. "Umenifungia mota mbovu! Mimi siyo mjinga wa kupakiwa rangi!" Akatoa kipimo chake, akakigusisha kwenye nyaya, akanionyesha. Mota haikuwa na kosa. Umeme wenyewe ndio ulikuwa mdogo. Saa ile mafundi wa kuchomelea kwenye majengo mapya ya serikali walikuwa wamewasha mitambo yao yote, na sisi wa mwisho wa laini tulikuwa tunapata makombo.

Dalili niliiona sawasawa, mashine ilikuwa imechoka kweli. Sababu ndiyo niliyoipachika mwenyewe. Nilikwenda kumwomba radhi na kuku, na mpaka leo nikimwita anauliza kwanza kama nimeamka vizuri.

Kwa sababu ya Elibariki ndiyo maana jana nilikuuliza lile swali, viazi vikiwa vimeisha. Nilisema, "Na kama hiyo nyota yako ilizaliwa ikizunguka polepole? Si ingeonekana kongwe vile vile, hata kama breki haijalegea?"

Ukasema, "Mama, hilo siwezi kulikataa. Naona zaidi kwamba ni sumaku. Lakini hilo siwezi kulikataa."

Sasa, Paskalina, mbona hukuendelea? Mbona uliinuka ukaenda kumwaga maganda? Hapo ndipo jibu lako lilipokuwa! Kuna unachokijua na kuna unachokikisia. Unachokijua ni kwamba nyota ilitoka katikati ya lile wingu. Hicho umekipima, umekirudia, umekesha nacho, na bibi yako alikuwa na ushahidi wa namna hiyo hiyo siku ile, mtoto mgongoni. Unachokikisia ni kwa nini imechoka mapema. Hapo bado unatafuta, na si aibu. Profesa amekuambia uvitoe vyote viwili kwa mkupuo mmoja, na wewe ukataka kuvitoa vyote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ni rahisi kusema sawa kwa kitu kizima kuliko kukaa kukitenganisha.

Na huenda profesa ana haki. Simjui. Huenda ameona nyota wapita njia wengi mpaka amechoka na wasichana wanaomletea michoro. Huenda kipimo chako kina dosari ambayo yeye ataiona kwa dakika moja, kama Elibariki. Basi umpe nafasi ya kuiona! Ukiondoa sura ile kimya kimya, hata yeye hutampa nafasi ya kukusahihisha, na wewe utabaki miaka yako yote hujui kama ulikuwa na kitu au hukuwa nacho. Mimi kile kitaa chekundu bado nakiona. Nikioga nakiona.

Lakini sitaki kujifanya jasiri kwenye karatasi. Naogopa, mwanangu. Naogopa atakasirika, naogopa atasema nafasi imejaa, naogopa utashuka kwenye basi hapo stendi na begi lile lile na Mama Glori aje na chupa ya chai kunipa pole huku macho yanamcheza. Nimeandika ukurasa huu mara mbili. Ule wa kwanza nilikuwa nimekuambia ukubali tu, uvumilie, ukishapata shahada yako ndipo useme. Ulikuwa na maneno mazuri hata, mkono mtupu haulambwi, na mengine. Nimeuchana. Nilikuwa nakuandikia nikiwa nimesimama Arusha mbele ya yule fundi, ndiyo maana.

Kuna na jambo lingine ambalo sikutaka kuliandika. Wewe umekulia mikononi mwa wanawake wawili waliokubali mambo kwa sauti ya chini, na hatukukufundisha kwa maneno, ulituona tu. Ulipokuwa kidato cha tatu mwalimu alikunyima alama zako, ukasema "basi, Mama, si kitu". Mimi nikakusifu kwa upole. Nilikuharibu siku ile. Mtoto anasema si kitu na macho yamejaa machozi, mama anamsifu! Ningeinuka twende wote shuleni. Hata ningekuwa nimefunga kitenge tu, ningekwenda.

Kwa hiyo kesho naomba kitu kimoja. Umesema utamjibu ukiwa Arusha, kwenye ile intaneti kafe, ukisubiri gari la Nairobi la kukupeleka kwenye ndege. Vizuri. Andika. Lakini kabla hujatuma, toka nje unipigie simu. Unisomee ulichoandika, ukigeuze Kiswahili, polepole, mpaka mwisho.

Kiingereza chake sikijui na hesabu zake sizijui, sitakurekebishia neno. Lakini sauti yako naijua tangu huna jino. Unapokubali kitu usichokiamini inashuka, inakuwa kama ya mtu anayeongea na kichwa kikiwa ndani ya debe. Nikiisikia hiyo, nitakuambia futa, uanze upya, hata kama mwenye kompyuta anakudai dakika zake. Nikisikia sauti yako mwenyewe, hata ikiwa inatetemeka, hata ikiwa unamwambia profesa kwamba umefikiri na umeona yeye ndiye yuko sahihi na sura unaitoa, nitakuambia tuma, na sitakuuliza tena maisha yangu yote.

Naisikia sauti ya shangazi yako barabarani, amekusindikiza, na amekubebesha kuku, Mungu wangu, sasa kuku utapita naye mpaka wa wapi. Naikunja.

Kesho ni Jumatatu na mahindi ndiyo yameanza kushuka kutoka mashambani, foleni itafika barabarani. Usihofu kwamba sitasikia simu, naiweka kifuani. Nawe usije ukakata kwa sababu umesikia kelele na watu. Ukipiga, mashine nitaizima.

Mama yako